Kijani kwa Nakala Tatu

Nyumbani kwangu kofia za Siku ya Mazingira zimezidi miti. Miti ninayo miwili, mwembe na mpapai, na huo mpapai shemeji yangu anasema kitaalamu si mti. Kofia nimeacha kuzihesabu. Zinaletwa na huyo huyo shemeji, mdogo wake mke wangu, mtumishi wa halmashauri, ambaye kila tarehe 5 Juni husimama juani akimpigia makofi mgeni rasmi. Kofia haiji peke yake, inakuja na fulana. Fulana yenyewe ni ya nailoni. Ukiivaa Dar es Salaam mwezi wa pili unachemka kama kiazi kwenye sufuria lenye kifuniko, lakini kifuani umeandikwa kwa kijani kwamba tutunze mazingira. Mke wangu alijaribu kuzigeuza za kudekia. Hazinyonyi maji.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na mazingira, na katika jambo hili mimi ni raia mtiifu. Serikali ilipoua mfuko wa plastiki, yaani rambo, tarehe 1 Juni 2019, nyumbani kwetu maziko yalifanyika siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa na akiba yake chini ya godoro, rambo zilizokunjwa pembetatu kwa ufundi wa miaka mingi, na zote zilitoka. Kanuni zilisema ukikutwa na mfuko huo mkononi, faini inaanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au hadi siku saba ndani, au vyote viwili. Kwa kifuko cha nyanya! Zanzibar walikuwa wamekwisha kutangulia, Wakenya wakatuwahi mwaka 2017, nasi tukafuata. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Jumatatu soko zima limehamia kwenye vikapu, na bibi kizee wa kuuza mchicha anakueleza habari za plastiki kumezwa na samaki.

Hapo ndipo ninapoanza kununa. Raia akiamriwa Jumamosi, Jumatatu ametii. Ofisi ya umma ikiamriwa, inaunda kamati, na kamati ikikaa, kila mjumbe anawekewa mbele yake chupa mbili ndogo za plastiki. Moja anakunywa nusu. Nyingine anaitumia kuzuia ajenda isipeperushwe na feni.

Tuje kwenye mwembe wangu. Umeota karibu na mpaka wa jirani, na tawi lake moja nene lilikuwa limeegemea bati la banda la kuku la huyo jirani. Jirani ni mtu wa heshima, hakunipigia kelele. Alinisalimia kila asubuhi huku macho yako kwenye tawi. Nikaamua kulikata. Kijana wa panga nilishamwita, kamba ipo, chai iko jikoni. Shemeji akatokea na kushika kichwa. "Shemeji, usiguse! Mti wa mjini unakatwa kwa kibali. Na wala usihangaike kwenda ofisini, siku hizi kila kitu mtandaoni. Karatasi hakuna."

Nilifurahi, sitaficha. Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019, na mamlaka yake ipo. Kodi ya jengo ninakatwa kwenye LUKU nikinunua umeme, bila kupanga foleni wala kumwona mtu. Kwa nini mwembe uwe mgumu?

Fomu nikaijaza kwenye simu, miwani puani, kidole kimoja. Mwisho wa fomu paliandikwa: pakua, chapisha, saini, gonga mhuri wa serikali ya mtaa, skani, kisha pakia. Nikaenda steshenari. Kijana akaniprintia kurasa nne, na ule wa nne ulikuwa mtupu isipokuwa tarakimu 4 chini yake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia mhuri haugongwi hivi hivi, lazima kwanza niwe na barua ya utambulisho, na barua ya utambulisho huombwa kwa maandishi. Nikaandika karatasi ya kuomba karatasi. Nikarudi steshenari kuskani. Mfumo ukakataa, faili kubwa mno. Yule kijana, ambaye naamini kila usiku anaiombea Serikali Mtandao maisha marefu, akalipunguza kwa shilingi mia tano, likapita. Kesho yake simu ikalia kwa ujumbe: maombi yako yamepokelewa, tafadhali wasilisha ofisini nakala tatu kwa ajili ya jalada.

Nakala tatu, pamoja na picha za mti. Ya mbele, ya ubavuni, na ya tawi lenyewe, zote za rangi. Mwembe ule umepigwa picha nyingi kuliko harusi yangu. Nusura waniambie uvae shati lenye kola, na nyuma pawe pa bluu.

Zamani, kabla ya mfumo, ungeandika barua moja kwa mkono, ungeipeleka, ungejibiwa kwa barua moja. Sasa tumefuta karatasi, na bahasha yangu ya kaki haifungiki. Mimi silaumu kompyuta, haina kosa. Kilichotokea ni kwamba mfumo ulikuja na hakuna mkubwa aliyethubutu kuingia masjala kumwambia karani kuwa jalada limefariki. Basi jalada likaendelea kula. Kila jambo sasa linafanyika mara mbili, mara ya kwanza kwa umeme na mara ya pili kwa wino, na kila karatasi ina bodaboda yake ya kuipeleka, na bodaboda ina moshi wake. Ukitaka kujua ofisi inachafua hewa kiasi gani usiangalie paa lake. Simama nje uhesabu watu walioambiwa "rudi kesho".

Na siyo kwamba haiwezekani. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alipiga marufuku kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kuchapishwa kwa fedha za serikali. Amri fupi kabisa. Krismasi ikafika, watu wakala pilau, hakuna mkurugenzi aliyelazwa kwa kukosa kadi. Ningependa kumwona mtu mwingine mwenye ujasiri ule akiamka siku moja na kusema: nakala tatu, basi.

Baada ya nakala ikaja zamu ya ukaguzi. Lilikuja gari la milango minne, ndani yake bwana mazingira, mama wa mapato, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na dereva. Kwa tawi moja. Dereva akaegesha chini ya mwembe, maana ndipo penye kivuli, akapandisha vioo, akaacha injini inanguruma ili kiyoyozi kisikatike. Wakaguzi wakauzunguka mti. Gari linanguruma. Wakauliza umri wa mti, na nani aliupanda, na kama una hati. Gari linanguruma. Bwana mazingira, kijana mpole mwenye adabu zake, akaniambia, "Mzee, matawi haya ni hazina. Mti huu unafyonza hewa chafu."

Nikamjibu, "Naona, mwanangu. Hapa ulipo unafyonza ya kwenu."

Alicheka, akaenda kumgongea dereva kioo. Dereva akashusha kioo kidogo tu, wakazungumza, kioo kikapanda tena. Gari likaendelea kunguruma.

Kijana yule hana neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo iliyosema kila halmashauri iwe na ofisa wake wa mazingira na kila wizara iwe na kitengo chake, na huyu kazi anaijua. Alinionyesha ugonjwa kwenye majani ya mwembe ambao mimi miaka yote nilidhani ni vumbi. Lakini anasema akirudi ofisini kwao, mamlaka yake yote hayafiki hata kwenye rimoti ya kiyoyozi.

Rimoti hiyo naijua. Nilikaa chini ya kiyoyozi chake siku ya nakala tatu. Nje, joto la Dar es Salaam, watu wanajipepea kwa bahasha. Ndani, nyuzi 16, namba inawaka nyekundu ukutani. Dada wa mapokezi amevaa sweta, juu ya sweta kajitanda kitenge, na mbele yake kuna chupa ya chai ya tangawizi ya kupambana na baridi inayolipiwa na kodi yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamuuliza, "Binti, mbona dirisha wazi na kiyoyozi kinafanya kazi?" Akasema, "Baba, tukifunga tunaganda." Nikamuuliza kwa nini asikipunguze. Akasema rimoti iko kwa bosi, na bosi yuko safarini.

Japani mwaka 2005 serikali yao ilianzisha kampeni waliyoiita Cool Biz: kiangazi viyoyozi vya maofisini viwekwe nyuzi 28, na watumishi wavue koti na tai. Wajapani, watu wa suti, waliambiwa vueni, wakavua. Sisi hatukuhitaji hata kampeni, maana jibu tulikuwa nalo tangu ujana wangu. Suti ya Kaunda! Mikono mifupi, shingo huru, heshima imekamilika, unaingia nayo ikulu na msibani. Tuliitupa tukavaa za sufu za vipande vitatu, kisha tukanunua mashine ya kuigeuza Dar es Salaam iwe nchi ya baridi ili suti zisituue. Na majengo ni hivyo hivyo. Tazama yale ya zamani ya Wajerumani na Waingereza karibu na bahari: kuta nene, baraza pana, madirisha yanayopokea upepo kutoka majini. Wakoloni walikuwa na mabaya yao, ila jua waliliogopa. Siku hizi tunajenga ofisi ya vioo kuanzia chini hadi juu, jua linaingia bila kubisha hodi, kisha tunalipia umeme wa kulitoa.

Usiku wa siku ya ukaguzi nilimweleza shemeji haya yote tukila ugali. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisema mwezi unamfuata.

Nikamgeukia na habari za safari, kama ile ya bosi mwenye rimoti. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikalitafakari jambo hilo kwa utulivu, ikahama kweli kuanzia 2016. Sawa. Lakini tangu ihame, barabara ya kilomita kama 450 kati ya Dodoma na Dar es Salaam imekuwa korido ya ofisi. Mashangingi yanapishana, moja linapeleka saini, jingine linarudisha saini. Tumejengewa treni ya umeme, inakwenda Dodoma tangu katikati ya 2024, safi, ina kasi, haitoi moshi hata wa sigara. Mkubwa mmoja wa shemeji aliipanda. Picha zilipigwa, zikasambazwa kwenye makundi ya simu, kiongozi wa mfano. Shemeji akaniambia huku akitafuna, "Dereva aliondoka Dodoma alfajiri na shangingi tupu ili ampokee stesheni huku Dar."

"Si angechukua teksi?"

"Shemeji! Mkubwa?"

Nikasema basi wafanye vikao kwa video, vyombo si wamenunua? Hapo ndipo shemeji alipoweka tonge chini, akanifungulia siri ya utumishi wa umma ambayo haimo kwenye mpango mkakati wowote. "Kikao cha video hakina posho. Ukisafiri unalala nje, ukilala nje unalipwa. Ukikaa mezani kwako ukazungumza na kompyuta, jioni unarudi nyumbani na mshahara ule ule. Mimi ada za wanangu nazilipa na nini, hewa safi?"

Nimelifikiria neno hilo kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia kuhusu tabianchi. Mnaweza kuagiza magari ya gesi, mkabandika stika za kuzima taa, mkachapa sera yenye jalada la kijani linalong'aa. Maadamu kipato cha mtumishi kinaongezeka kadiri anavyokwenda mbali na ofisi yake, matairi yatazunguka. Hata mimi ningekuwa yeye ningegundua umuhimu wa kufuatilia jambo Mwanza. Warsha ya kupunguza matumizi ingefanyika Bagamoyo kwa siku tatu, watu wa Dar wakalala huko huko, kwa sababu ukiifanyia Dar hakuna anayelala nje. Posho hiyo iingizwe kwenye mshahara, waziwazi, halafu mtaona watu wanavyoipenda kompyuta.

Shemeji hakubisha. Alisema tu nisiliandike.

Ana kazi moja nyingine, na hiyo inamtia majonzi kweli. Kila halmashauri inatakiwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka, na yeye yumo kwenye timu ya kuandaa taarifa. Taarifa ina safu ya miti iliyopandwa. Nilimuuliza ya miti iliyo hai iko wapi, akasema fomu ililetwa hivyo. Nendeni mkatazame uwanja wa ofisi yoyote: mstari wa vibao vya zege vyenye majina ya wageni rasmi, kila kibao kimesimama imara, na mbele yake kijiti. Zege haihitaji kumwagiliwa. Kwenye ofisi yao, mti pekee uliostawi haukupandwa na mtu. Ulijiotea ndani ya Land Rover 110 iliyokufa zamani inayosubiri mnada nyuma ya choo. Ulitokea kwenye sakafu, ukapita palipokuwa na usukani, sasa umetoka dirishani na ndege wamejenga. Kwenye taarifa haumo, kwa kuwa hauna mgeni rasmi.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Kuna mahali serikali ilijiamuru yenyewe kwa tarehe, na mahali hapo ni jikoni. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, shule, vyuo, magereza, kambi, zilipewa mpaka 31 Januari 2024 ziachane na kuni na mkaa, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tarehe ilipita na majiko mengine bado yanafuka, kama ilivyo desturi ya tarehe. Lakini mengine yamebadilika kweli. Shule aliyosomea mke wangu ilikuwa na jiko ambalo mpishi alitoka macho mekundu kama aliyefiwa kila siku, na anayekumbuka lori la kuni likishusha msitu mzima kwa ajili ya maharage ya wiki moja hawezi kulibeza jambo hili. Kinachonichekesha ni kwamba mfungwa anaweza kuwa anakula ugali wa gesi wakati huu, huku mkurugenzi akitoka saa saba mchana kwenda kwa mama ntilie wa getini, ambaye anapikia mkaa kwa sababu ofisi haijapata fungu la kuwa na kantini.

Sasa mwembe. Kibali kilichelewa kwa kuwa bosi mwenye rimoti ndiye pia mwenye saini. Masika ikaanza, kusi likavuma usiku mmoja na mvua yake, na tawi likashuka lenyewe. Halikugusa kuku hata mmoja, lilikunja bati tu. Jirani akatoka na tochi, akalitazama, akaniamkia, akarudi kulala. Asubuhi tukaligawana kuni, yeye nusu, mimi nusu. Nikadhani shauri limekwisha.

Wiki hiyo hiyo kibali kikatoka. Shemeji akaniambia lazima niende kwenye mfumo nikaeleze kwamba tawi halipo tena, la sivyo litaonekana limekatwa kabla ya idhini. Nikafungua simu. Mfumo unauliza sababu ya kuondolewa kwa mti, na kuna orodha ya kuchagua: ujenzi, usalama, biashara, nyinginezo. Mvua haimo. Nikachagua nyinginezo. Likafunguka dirisha jingine lenye nyota nyekundu, haliachiwi tupu: namba ya kitambulisho cha NIDA ya aliyekata.

Nimeandika "kusi". Mfumo unataka tarakimu ishirini. Mke wangu anashauri nijaze ya kwangu yaishe, tumechoka. Nimemkatalia, nikijaza ya kwangu, faini nayo itakuja kwa jina langu, na risiti wataitaka nakala tatu.